Kifafa cha Mbwa wa Shamba

Mbwa wetu wa shamba alianguka mara ya kwanza akiwafukuza ngedere. Walikuwa wameshavuka mkorosho wa mwisho. Akasimama ghafla kama aliyesahau anakokwenda, akalala ubavu, akaanza kupiga miguu hewani huku mapovu yakimtoka. Ngedere mmoja alirudi kutazama.

Mke wangu, aliyekuwa akipalilia ufuta, alipiga kelele nisimguse. Hakuogopa ugonjwa, aliogopa mate. "Mate ya mbwa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo," alinikumbusha, "na maji utachota wewe." Kabla hajamaliza, mbwa alikwisha kuinuka, akayumba kidogo, akaja kutuomba ugali.

Ugali huo ndio ulionifanya nianze kusoma. Niliishia darasa la saba; mengine nimejifunza mwenyewe, moja baada ya jingine: kufuga nyuki, kutengeneza pampu ya maji, kusoma ramani. Jioni nilipanda kwenye kichuguu, ambako hapa Marambo ndiko mtandao unakoshika, nikasoma kwenye simu habari za mbwa wanaoanguka. Wanaoandika mambo hayo wanaishi na mbwa ndani ya nyumba. Wanashauri umzimie televisheni, umpunguzie taa za sebuleni. Nilichuja. Yaliyobaki yalikuwa haya: usitie mkono mdomoni, ondoa vitu vya kumwumiza, tazama saa, tafuta daktari. Lile la mkono mdomoni mke wangu alilisifu sana. Alisema hao watu wa kwenye simu wana dini.

Mbwa alipoanguka tena, safari hii njiani, mbele ya watu waliotoka msikitini, mwenyekiti wa kitongoji alifika nyumbani siku hiyohiyo.

"Mzee mwenzangu, kile ni kichaa cha mbwa. Tuna watoto hapa. Lazima auawe."

Alikuwa na haki ya kuogopa, maana kichaa cha mbwa kinaua watu kweli. Nikamweleza kwa utaratibu: mbwa mwenye kichaa haanguki, akainuka, akaomba chakula. Tena huyu amechanjwa.

"Kuku wangu nao walichanjwa," akasema. "Wakafa wote."

Alinipa mpaka Ijumaa nilete neno la mtaalamu. La sivyo, angekuja na mtu wa kuimaliza kazi.

Bwana mifugo wetu hana nafasi ya mbwa tangu wafugaji wa Kanda ya Ziwa walipohamia na ng'ombe wao. Alinipa namba ya daktari wa mifugo wa Ruangwa. Huyo alinisikiliza vizuri, akasema inaelekea ni kifafa, lakini hawezi kutoa neno bila kuona. "Nitumie video, tangu anapoanguka mpaka anapoinuka."

Basi nikaanza kumfuata mbwa na simu. Mbwa, ambaye hakuwahi kutazamwa namna ile maishani mwake, aliona haya. Alikwenda kukojoa nyuma ya nyumba, nikamfuata, akaghairi. Hakuanguka. Jirani yetu mfugaji, mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno, alisimama akatutazama tukipita, kisha tukirudi.

"Mzee, ng'ombe wangu akianguka, nachinja. Wewe unapiga picha?"

"Nasubiri aanguke."

"Na asipoanguka?"

"Ijumaa watamuua."

Akafikiri. "Basi mwambie aanguke."

Ijumaa baada ya swala alikuja mwenyekiti, pamoja na mtu mwenye rungu, na nyuma yao watu kadhaa ambao siku hiyo hawakuwa na kazi. Mfugaji naye akasogea. Video sikuwa nayo. Nikaanza kueleza upya, tangu mwanzo, na sikuwa nimefika kwenye chanjo mbwa alipoanguka katikati yetu.

Nikatoa simu. Mwenye rungu akaliinua, lakini mfugaji akamshika mkono. "Subiri kwanza, anapigwa picha." Mbwa akapiga miguu, akatoa mapovu, akajikojolea, kisha, mwili ulipoanza kulegea, akajamba. Haikuwa kidogo.

Kwetu watu wanaamini kwamba mgonjwa wa kifafa akijamba wakati ameanguka, aliye karibu ataambukizwa. Si kweli. Shangazi yangu alikuwa na kifafa, na bibi alimlea miaka yote bila kuanguka hata siku moja. Lakini sikupata wa kumweleza. Uwanja ulikuwa karibu mtupu, rungu liko chini. Mwenyekiti nilimwona ng'ambo ya mihogo, ameziba pua kwa kofia.

"Mwenyekiti! Umekimbia nini?"

"Unauliza? Amejamba!"

"Kichaa cha mbwa kinahusiana nini na kujamba?"

Akaondoa kofia puani, akanusa, akairudisha. Wengine walichungulia, kila mmoja alipojificha. Mfugaji, ambaye hakukimbia, alikuwa akicheka peke yake.

"Haya, ni kifafa," mwenyekiti akasema mwishowe.

"Na hakiambukizi. Mimi nakaa naye kila siku."

"Ndiyo maana hata wewe naongea nawe nikiwa huku."

Video niliituma. Daktari alicheka kwanza, maana sauti zote zilikuwemo, kisha akasema ni kifafa na kuniandikia vidonge, ambavyo nilivipata Nachingwea mjini. Tunampa ndani ya tonge, baada ya alfajiri na baada ya magharibi, bila kuruka. Sasa haanguki mara kwa mara, ila vinamtia usingizi, na ngedere wameshalijua hilo.

Mwenyekiti aliamua kwamba mbwa aishi, lakini kibanda chake kikae mahali ambapo upepo hauvumi kuelekea njiani. Nilimweleza habari za shangazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema Mungu amrehemu, lakini kibanda kihame. Nikauchunguza upepo. Asubuhi unatoka upande mmoja, jioni upande mwingine. Kwa hiyo kibanda nimekitia magurudumu ya baiskeli. Asubuhi nakisukuma ng'ambo ya mihogo, jioni nakirudisha, na mbwa yumo ndani, amelala.