Mpima Magunia Aliyejikausha

Katika ghala lile la nafaka, mwenye mali alisalimiwa kwa adabu na mhasibu alibembelezwa, lakini aliyeogopwa alikuwa mpima. Gunia likitua juu ya bamba la mizani, yeye hakuitazama namba kwanza. Alilegeza uzi wa mdomo wa gunia, akauzamisha mkono mpaka kiwikoni, akakifumba kiganja ndani ya mahindi na kutulia hivyo kitambo, mfano wa mtu anayesikiliza. Kisha, aghalabu bila kumtazama mwenye mzigo usoni, alitoa hukumu yake.

"Hili limenyweshwa. Lirudi juani."

"Haki ya Mungu tena, mpima! Mahindi haya hayajaona maji tangu yavunwe!"

"Basi yametoka jasho kwa hofu. Lirudi juani."

Wachukuzi waliangua kicheko, na mchuuzi akaliburura gunia lake mpaka uani huku macho yote yakimsindikiza. Maji yana uzito. Jambo hilo mpima alilijua kama alivyolijua jina la mama yake. Wachuuzi waliyanyunyizia mahindi yao ili mizani iwape wasichostahili, naye alikuwa amewafumania wengi, tena hadharani, wala hakuwahi kumsitiri hata mmoja.

Mtu huyu alikuwa mnene kupita kiasi. Wachukuzi walimwita Tani, mwanzoni kwa kificho, baadaye mbele yake, naye akacheka pamoja nao, maana kununa kungaliwapa mengine ya kusema. Juu ya unene huo yalimkalia maradhi ambayo hayakuwa na haraka wala hayakuwa na nia ya kuondoka: kisukari, ambacho alikichomea sindano asubuhi na jioni, shinikizo la damu, lililokuwa na vidonge vyake, kimojawapo cha kupunguza maji mwilini, goti lililomlazimu kuswali juu ya kiti nyuma ya safu, mahali wakaapo vikongwe, ilhali yeye hakuwa kikongwe, na tena pumzi iliyokatika usingizini, hata mkewe akawa halali vizuri kwa kumsikilizia.

Ndipo daktari wa upasuaji, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, alipomweleza kwamba tumbo lake la chakula laweza kupunguzwa, na kwamba kwa mtu wa hali yake upasuaji huo ungeweza kuwa mlango wa kutokea.

"Lakini, baba, sikupeleki mezani ulivyo sasa," alisema. "Ini lako limevimba kwa mafuta, limelifunika tumbo. Punguza kwanza, ini linywee, nipate njia ya kupitisha vyombo. Sukari itulie, presha itulie, na uzito ushuke mpaka hapa." Akaigonga namba kwa ncha ya kalamu. "Ukifika hapa, nakupa tarehe. Usipofika, nafasi anapewa mwingine."

Siku ile ile ya kwanza alionja fedheha ambayo hakuisahau. Dada wa lishe alimpandisha kwenye mizani ya kliniki, iliyokuwa imewekwa kwenye ujia mbele ya mabenchi ya wagonjwa. Mshale ulikimbia mpaka mwisho wa safari yake, ukagota, ukatetemeka.

"Mizani yetu imeishia hapa, baba," dada alisema kwa sauti ya chini, ambayo haikuwa ya chini ya kutosha. "Unafanya kazi wapi?"

"Ghalani. Napima magunia."

"Ah! Basi mizani mnayo!"

Hakuwa na nia mbaya yule binti. Lakini kwenye mabenchi mtu mmoja alikohoa kukohoa kusikokuwa kwa ugonjwa, na bibi mmoja akajifunika mtandio mdomoni, mabega yakimcheza. Mpima aliviokota viatu vyake, akatoka navyo mkononi, kwa kuwa kuinama kuvivaa mbele yao kungekuwa onyesho la pili.

Tangu hapo alijipima ghalani saa ya chakula, wenzake wakishatoka, mlango akiwa ameurudisha. Nyumbani mkewe alijifunga kibwebwe. Chumvi aliihamishia juu ya kabati, mafuta akawa anayapimia kwa kijiko, na yeye mwenyewe akala kile alichokula mumewe ili mume asijione ametengwa. Dozi za sindano zilipunguzwa na daktari kadiri chakula kilivyopungua. Na kweli mwili ulianza kusalimu amri: ukanda ukaingia tundu jipya, na siku moja mshale wa kliniki ukasimama kabla ya ukingo. Dada wa lishe akapiga makofi. Mpima akaona haya hata ya kupigiwa makofi, kwa vile alijua kilichokuwa kikianza nyuma ya magunia.

Kilianza na ruhusa ya daktari. Aliambiwa kwamba sukari ikishuka ghafla, akatetemeka na kulowa jasho, ajichome kidole apime, kisha anywe maji yenye sukari mara moja. Likamtokea kweli, akafanya vile, akapona. Lakini baada ya hapo, kila harufu ya mkate ilipopenya kutoka kwenye kioski cha jirani, mikono ilianza kumtetemeka, au alidhani inatetemeka. "Sukari imeshuka," alijinong'oneza, na kidole hakukichoma. Alijipenyeza nyuma ya rundo la magunia, akaketi juu ya turubai, akala mkate mzima mkavu kwa haraka ya mwizi, kisha akayapangusa makombo ndevuni. Jioni mkewe alimwekea sahani yake ya mboga na maharage, akasema, "Kula, baba watoto, najua umeshinda na njaa." Naye alikula, na kila tonge lilishuka kama mchanga.

Siku ya kupimwa ikakaribia. Adhuhuri moja alipanda juu ya bamba la mizani ya ghala, akasoma, akasoma tena. Kilichobaki juu ya namba ya daktari hakikuwa kikubwa, lakini hakikuwa cha kupunguzwa kwa chakula katika muda uliosalia. Alisimama pale, miguu mitupu, akaitazama ile namba. Na wazo lililomjia halikuwa la mgonjwa, lilikuwa la mtu wa ghala. Gunia lililolowa hurudi juani, na likitoka juani huwa jepesi.

Hakuliita udanganyifu. Aliliita kukausha.

Tangu asubuhi ya siku moja kabla ya kliniki hakutia tone kinywani. Kile kidonge cha kupunguza maji alikimeza, baadaye akameza cha pili, na kabla ya kuondoka nyumbani akameza cha tatu. Ulimi ulimganda kwenye kaakaa. Mkewe alimletea maji, akayapokea, akayamwagia maua dirishani mara tu mama wa watu alipogeuka.

Pale kliniki mshale ulisimama pale pale alipopataka daktari, na hata chini yake kidogo.

"Umefika, baba!" dada wa lishe alipaaza sauti, safari hii kwa makusudi. "Jamani, mzee amefika!"

Mabenchi yalimpongeza. Mkewe, aliyemsindikiza, aliufunika uso kwa viganja, akalia kwa furaha. Mpima alitabasamu, akatamani ardhi impokee. Kisha damu yake ilitolewa kwa ajili ya vipimo, akainuka kwenye kiti, na ukuta wa mbele ukamgeukia taratibu kama mlango. Alianguka katikati ya ujia. Wanaume wa kwenye mabenchi walijaribu kumnyanyua, wakashindwa, wakaita wengine. Mwishowe aliletewa kitoroli cha kubebea mitungi ya gesi, na juu ya kitoroli hicho, miguu ikining'inia, ndipo alipopata fahamu.

Alitiwa dripu. Baada ya muda daktari aliingia na majibu, akavuta kiti, na sura yake haikuwa na habari njema.

"Figo zako, baba. Mwezi uliopita zilikuwa sawa. Leo zimeharibika ghafla, na presha iko chini mno. Ulikuwa unakunywa maji?"

"Nilikunywa."

"Dawa ulimeza kama kawaida?"

"Kama kawaida."

Daktari aliyapitia majibu tena. "Basi sina maelezo mengine ila kwamba figo zinaanza kushindwa kazi. Kama ni hivyo, upasuaji huu haupo tena. Nitakuhamishia kwa daktari wa figo, na hili la tumbo tulifunge."

Alitoka kwenda kuandaa rufaa. Mlango haukufungika vizuri, na kupitia upenyo huo mpima alimsikia mkewe akimsimamisha ujiani.

"Daktari, niambie ukweli. Ni mimi? Ile chumvi nilikuwa nabakisha kidogo, nilimwonea huruma, mboga zilikuwa hazina ladha. Ni chumvi yangu imemharibu figo?"

"Siwezi kusema, mama. Huenda ni mambo mengi."

"Ni mimi," mkewe alisema. "Nimemtilia sumu mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe."

Mpima alilala akiitazama dripu. Maisha yake yote alikuwa ameuzamisha mkono katika magunia ya wengine, na alikijua vyema kiapo cha mchuuzi kilivyo: ni cha haraka, na hakina kituo. Naye alikuwa amekwisha kuapa namna hiyo mara mbili ndani ya dakika moja. Akifunga kinywa, nafasi aliyoihangaikia ingekwenda zake, na mwanamke yule angebeba kosa lisilo lake mpaka kaburini. Akikifungua, je, nani angempa nafasi mtu wa namna ile? Aibu ya mbele ya watu alikuwa ameikimbia kwa miguu yote miwili. Ile ya mbele ya Mola wake, ambaye hakuna mlango unaorudishwa mbele Yake, hakuwa hata ameipigia hesabu.

"Daktari!" aliita, na sauti ikatoka imekauka kama ganda. "Mwite na huyo mama. Mwingie wote."

Waliingia. Hakuweza kumtazama yeyote, akaisemesha shuka.

"Sikunywa maji tangu jana asubuhi. Kidonge cha maji nimemeza vitatu. Maji uliyonipa, mke wangu, niliyamwagia maua. Na mkate... nilikuwa nakula mikate ghalani, nikijiambia ni sukari imeshuka. Kidole sikukichoma hata siku moja."

Daktari alifungua faili, akaanza kuandika. Kisha mkewe akauliza, kwa sauti ndogo, swali ambalo hakulitarajia.

"Mikate mizima?"

"Mizima."

"Na mimi nilikuwa nakula majani na wewe!" mama alisema, akaketi kitandani kwa kishindo, akawa analia na kucheka kwa pamoja. "Nimekonda mimi, ghala umejaza wewe!"

Daktari hakucheka. "Unajua ni nini kingetokea?" alimwuliza. "Ningekupa tarehe kwa namba ya uongo. Ningekulaza mezani, ini bado limevimba, mwili umekauka. Huenda nisingekuamsha. Kisha mama huyu ningemwambia nini?"

"Ungemwambia nimejiua mwenyewe, daktari."

"Figo, Mungu akipenda, zitarudi; kwa kuwa umezikausha mwenyewe, tutazinywesha. Tarehe sikupi. Ukitoka hapa unaanza upya. Utajipima kila wiki, na safari hii awepo shahidi. Atakayenipigia simu kunisomea namba ni shahidi, si wewe." Alisimama. "Upasuaji huu, baba, ukishafanyika, maisha yako yote yatategemea unachoniambia. Nakuhitaji mkweli kabla sijakuhitaji mwembamba."

Figo zilirudi polepole, naye akarudi kazini. Mkewe alikuja naye siku ya kwanza ya kupima, na alipotaka kuurudisha mlango wa ghala, mpima alimzuia.

"Uache wazi."

"Wenzako hawajatoka."

"Najua."

Wachukuzi walisimamisha kazi. Mmoja wao, mwembamba mno, waliyemwita Kijiti, alitua gunia lake na kuuliza, "Mzee Tani, kulikoni leo? Unajiuza?"

"Najipima. Wewe ni shahidi. Njoo usome."

"Mimi? Nikusome wewe?"

"Si unajua namba? Soma kwa sauti, kama unavyosoma gunia."

Alivua viatu, akavipanga kando, akapanda juu ya bamba. Lilishuka chini yake kwa mlio aliouzoea, mlio ambao kwa miaka hakuwahi kuusikia watu wakiwapo. Masikio yalimwaka moto. Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja mchuuzi, yule yule ambaye msimu uliopita gunia lake lilirudishwa juani mbele ya foleni nzima. Aliikunja mikono kifuani.

"Na huyu je?" aliuliza kwa utamu. "Mmemkagua kama amekauka?"

Kicheko kililipuka. Mpima hakucheka nao safari hii, wala hakununa.

"Nilijikausha, mama," alisema. "Nikalazwa. Leo nimelowa kihalali."

Mchuuzi yule alimwangalia vizuri, akaishusha mikono. Kijiti aliikaribia mizani, akaisoma namba yote kwa sauti ya ghalani, mpaka na gramu zake. Ilikuwa juu kuliko ile ya siku ya pongezi, juu ya alichotaka daktari, juu ya alichotumaini mwenyewe. Mkewe aliishika simu, akamwita daktari, akampa Kijiti airudie. Na mpima alisimama pale pale, macho ameyainamisha kwenye vidole vyake vya miguu vilivyovimba, akaisikia namba yake ikitajwa mara ya pili mbele ya watu wale wale.

Simu ilipokatwa mkewe alimpa kikombe cha maji. Alikipeleka mdomoni.

"Shuka kwanza, mzee!" Kijiti alipiga kelele. "Utatuharibia hesabu!"

Alishuka, uso ukiwa bado unamwaka, akanywa mpaka tone la mwisho, wao wakimtazama.