Likizo za Bukene

Juzi jirani yangu alibandika michembe akaisahau, ikashika chini ya sufuria. Harufu ile ya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vikachemshwa na karanga, kisha vikaanza kuungua, ilinifikia uani hapa Tabora nikiwa nafua. Nikaacha nguo majini, nikakaa. Nilikuwa nimerudi Bukene, kwa babu mzaa mama, likizo ya mwezi wa sita.

Wenzangu shuleni walikwenda Dar es Salaam, wakarudi na viatu vipya na maneno mapya. Sisi tulipanda treni ya Mwanza, daraja la tatu, tukashuka Bukene hata usingizi haujakolea. "Mtembea bure si mkaa bure," Mama alisema akifunga mizigo, na kweli hatukukosa kitu. Asubuhi, kwenye baridi kavu ya kiangazi, tuliota moto wa mabua tukimenya karanga. Mchana tulipanda miti ya ukwaju, tukala mpaka meno yakafa ganzi. Jioni tulirudi na ng'ombe, miguu myeupe kwa vumbi. Wazee wa pale, ukiwasalimu asubuhi, ulichuchumaa mbele yao ukapiga makofi polepole, "Mwangaluka." Mimi wa mjini nilipiga kama niko ngomani, wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Yapo mambo niliyoyaona bila kuyauliza. Nyumbani Mama aliitwa Zuhura, Bukene akaitwa Tereza. Nikadhani kila mtu ana jina la mjini na jina la likizo, nikawa nasubiri langu. Na Baba, aliyekuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja, kila mwaka alitusindikiza mpaka stesheni ya Bukene, akamkabidhi mjomba mizigo, kisha akakaa kwenye benchi kusubiri treni ya kurudi. Kwa Babu hakuwahi kukanyaga.

"Kazi zimenibana, mwanangu," aliniambia.

Mwaka nilipokuwa darasa la tatu tulishuka asubuhi kama kawaida, tukamwacha Baba kwenye benchi lake. Mchana, tukiwa tunakula, zikaja habari kwamba treni ya kutoka Mwanza imeharibika njiani.

"Kwa hiyo Baba bado yupo," nikasema. "Na hajala."

Mjomba akainamia sahani. Mama akaacha kutafuna. Babu alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mtu wa maneno machache, na hakuna aliyetaja jina la Baba mbele yake. Akanawa mikono kabla hajashiba.

"Mfungie chakula," akamwambia Bibi. Kisha akatoa baiskeli, akanipakia kwenye keria.

Tulipofika karibu na stesheni akafunga breki chini ya mkaratusi, akanipa bakuli. "Mpelekee."

Baba alilipokea kwa mikono miwili. "Umekuja na nani?"

"Na Babu. Yule pale."

Baba akasimama. Akaweka bakuli kwenye benchi, akanyoosha kanzu, akasogeza kofia, akaanza kutembea kumwelekea. Babu alipomwona anakuja akageuza baiskeli, akaondoka. Lakini hakuipanda. Aliikokota taratibu, kichwa kimeinama, mtu ambaye siku zote alipita njia ile kwa mbio. Baba akapiga hatua chache zaidi, kisha akasimama katikati ya uwanja, mikono imelegea. Nikamkimbilia Babu peke yangu. Nilipomfikia alitazama nyuma yangu, akangoja kidogo, ndipo akanipakia.

Babu alifariki kabla ya likizo iliyofuata. Baba akaingia uani mwake kwa mara ya kwanza, akalibeba jeneza pamoja na wajomba. Baada ya mazishi Bibi alimwita akae karibu naye, nami nilikuwa nimemlalia Mama mapajani.

"Siku ile alirudi amenuna," Bibi akasema. "Nikamuuliza. Akaniambia, nimekokota baiskeli makusudi ili kijana anifikie, hakuja."

Baba akamgeukia. "Alinipa mgongo, Mama. Nikaona nikimfuata nitakuwa namwandama mzee wa watu."

Mama akafunika uso kwa khanga. Mimi nilielewa tu kwamba Baba alishindwa mbio na mzee mwenye baiskeli, nikamshangaa, maana alikuwa na miguu mirefu.

Hatukwenda tena mara kwa mara. Bibi alihamia kwa mjomba Nzega, mji wa Babu ukabaki magofu, na likizo tukazimalizia barazani kwenye cherehani ya Baba tukiokota vitambaa.

Miaka mingi baadaye nilimleta nyumbani kijana wa Usoke niliyetaka kuolewa naye, Mkristo, mwenye hofu usoni. Bodaboda haijasimama vizuri, Baba alishatoka barabarani bila viatu, akampokea begi, akamshika mkono mpaka ndani. Shangazi zangu walinung'unika kwamba mkwe hapokewi hivyo, na mimi mwenyewe niliona aibu kidogo.

Leo ndiyo naelewa. Babu na Baba walikuwa watu wenye adabu, na kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi ya kuanza. Nafasi ile ilipita katikati yao mchana kweupe, mimi nikiwa nimesimama pale pale, mtoto wa wote wawili.