Kwenda Chala Kurudisha Maneno Yangu Kuhusu Farasi

Nilitoka Voi kwenda Chala kwa sababu ya farasi, ingawa mimi sina farasi, shemeji yangu hana farasi, na kati ya Voi na Chala sijawahi kumwona farasi hata mmoja.

Mimi ni fundi wa televisheni. Kibanda changu kiko karibu na soko la Voi, na wateja wangu wanajua kwamba televisheni ikiletwa Ijumaa haitapona kabla ya Jumatatu. Ni lazima niijaribu, na hakuna jaribio zuri kuliko dakika tisini za mpira. Kwa kujaribu huko nimetazama michezo mingi na nimekuwa mtu wa maoni. Mpira wa miguu, kwa maoni yangu, ungechezwa vizuri zaidi kama wachezaji wangeweza kunisikia. Ndondi ndiyo mchezo wa kweli kupita yote, kwa sababu hakuna anayejilaza chini kumdanganya refa. Na mbio za farasi si mchezo. Farasi hajui kama anashindana, anajua tu kuna mtu mgongoni. Anayekimbia ni farasi, anayepewa kikombe ni mzigo.

Hayo ndiyo niliyomwambia Mwadime, kaka yake mke wangu, Krismasi ya mwaka juzi sebuleni kwangu. Mwadime anaishi Chala, kule mpakani, na anafuga punda. Yeye anashikilia kwamba mbio za farasi ndio mchezo wa heshima, kwa kuwa farasi habishani na refa. Ndondi, anasema, ni watu wawili waliokosa chifu wa kuwapatanisha. Tulibishana mpaka pilau ikapoa. Kisha akasimama, akamfungua kamba jogoo aliyekuwa ametuletea zawadi, akamkumbatia, akaondoka naye. Tangu siku hiyo hatukusemezana.

Ningeweza kuendelea hivyo hadi kaburini, lakini binti yangu Wakesho akachumbiwa. Kwetu sisi Wadawida mjomba hawezi kuachwa nyuma na kinyongo. Ni lazima atase. Anajaza maji mdomoni, anayapuliza nje kwa nguvu, na kusema kwamba kilichokuwa moyoni kimetoka. Zamani ilikuwa pombe ya miwa, siku hizi watu wa kanisa tunatumia maji. Mama mkwe wangu, anayekaa Ronge na ambaye hajawahi kurudia jambo mara mbili, alituma neno kwamba Mwadime asipotasa hakuna harusi. Kadi zilikuwa zimeshachapishwa. Zilibaki wiki mbili.

"Nenda ukarudishe maneno yako," mke wangu akaniambia.

"Yote?"

"Anza na yale ya farasi."

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikapu ya Mama Syombua, jirani yetu Mkamba anayefuata ndizi Taveta mara mbili kwa wiki. Ni mwanamke mwema, anaendesha kwa utulivu, na hajui lolote kuhusu michezo. Kabla hatujafika Mwatate nilikuwa nimeshamweleza kosa la kuotea kwa kutumia njugu juu ya dashibodi. Alisikiliza yote, akala mabeki wawili, akauliza, "Sasa Fundi, huo mpira wakiuacha hapo tu, utaenda wapi?"

Nilifikiria swali hilo mpaka Bura.

Karibu na Maktau tulisimama. Ndovu walikuwa wanavuka barabara, mama, shangazi na watoto, kama kumi na mmoja hivi. Nilimwonyesha Mama Syombua kwamba ni timu kamili. Mbele alikuwa jike mkubwa asiyegeuka kutazama nyuma, na mwishoni kijana wa kiume aliyesimama katikati ya lami kututanulia masikio. Nilisema huyo ndiye beki wa mwisho, amejipanga vibaya, ameacha pengo upande wa kulia.

"Mwambie basi," alisema Mama Syombua.

Sikumwambia. Tulipokuwa tunawangoja wapite ndipo nilipoanza kuogopa safari yangu. Kichwani nilikuwa nimetayarisha hotuba ya kuomba radhi, na kila nilipoirudia iligeuka kuwa ubishi.

Saa tatu kasoro nilishuka njia panda ya Chala, Mama Syombua akaniahidi kunipitia saa kumi. Kilimanjaro ilikuwa imetoa kichwa chote nje ya mawingu. Nilitembea kati ya migomba na mahindi hadi kwa Mwadime, na wa kwanza kunipokea alikuwa yule jogoo. Alikuwa amezeeka, upanga wa kichwani umelala upande mmoja, lakini alinitambua. Alinifukuza mpaka mlangoni.

Mwadime alitoka akiwa na bilauri ya maji mkononi. Mama mkwe alikuwa ameshampigia simu.

"Karibu, shemeji," alisema.

"Ahsante, shemeji. Nimekuja kurudisha maneno."

"Rudisha."

"Mbio za farasi ni mchezo."

Akajaza maji mdomoni. Mashavu yakavimba, macho yakamtoka, akaelekea uani kwenye jua. Mimi nikarudi nyuma hatua mbili nisilowe. Tukangoja. Kisha koo lake likapanda na kushuka. Alikuwa ameyameza.

"Bado kiko," alisema kwa masikitiko. "Siwezi kutasa uongo, shemeji. Mtoto atabeba hicho kinyongo mpaka kwake. Wewe umesema kwa mdomo tu. Hujawahi hata kupanda."

Mkewe, Mama Neema, mwanamke mrefu wa Kitaveta asiyependa maneno mengi, alikuwa anaenda bombani kuchukua maji. Mwadime akaamua kwamba nitapanda punda wake na nishindane na Mama Neema kurudi kutoka bombani, yeye akiwa na ndoo kichwani. Punda anaitwa Diwani. Nilisema mimi ni mgonjwa wa kiuno. Akanikumbusha kwamba nilishasema anayepanda ni mzigo, na mzigo hauna kiuno.

Bombani, majira ya saa nne, tuliondoka pamoja. Diwani alipiga hatua sita nzuri, akaona majani, akaacha mashindano. Nilimwambia twende. Nilimwambia kwa Kiswahili, kwa Kidawida, na mwishoni kwa kumsihi. Alipoamua kwenda alikwenda kwa kukimbia upande, mimi nimeshika shingo, kofia imebaki kwenye mti wa mtu. Majirani walikuwa wametoka kwenye mashamba yao na mmoja alikuwa ameleta kiti. Mama Neema alifika nyumbani bila kumwaga tone, akatua ndoo, akapepeta mchele, ndipo mimi nikaingia uani nikiwa nimelala kifudifudi juu ya Diwani.

"Mpanda farasi si mzigo," nilisema nikiwa bado huko juu. "Mzigo haupati taabu hii."

Nilisema kwa moyo wangu wote. Mwadime akajaza maji mdomoni, akaenda uani, akavimba. Akayameza.

"Afadhali," alisema. "Lakini bado."

Saa sita tulihamia ndondi. Mwadime alisema labda ni zile ngumi ndizo zimekwama. Tulisimama uani, wanaume wawili wenye wajukuu njiani, mikono tumeifunga kwa mataulo, na Mama Neema akiwa refa kutoka jikoni: raundi ingeisha maziwa yakichemka. Nilikuwa na maoni mengi sana juu ya jinsi ya kurusha ngumi ya kushoto. Tulizunguka. Mwadime alinitazama, nami nikamtazama. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe na mimi sikuwepo wakati zinageuka.

"Goti lako linaendeleaje?" akaniuliza.

"Baridi ndiyo linanisumbua. Na wewe, sukari?"

"Nameza dawa."

Mtu akishakuuliza goti lako huwezi tena kumpiga. Maziwa yakachemka. Nilimwambia kwamba ndondi ni kama alivyosema yeye, watu wawili waliokosa wa kuwapatanisha, akafurahi sana, akajaza maji. Nilikuwa na hakika. Hata jogoo alisogea pembeni. Mwadime akasimama, akavimba, akafumba macho, na kwa mara ya tatu akameza. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana chini ya shati.

Tulikula wali na maharagwe. Nilianza kuiona harusi ya binti yangu ikizama katika tumbo la mjomba wake. Nilimkasirikia, na papo hapo nikamwonea huruma, maana nilimwona anajitahidi kuliko mimi.

Saa nane na nusu alisukuma sahani. "Si farasi, shemeji," alisema bila kunitazama. "Na si ngumi."

"Ni nini basi?"

"Ni lile bao."

Hapa inabidi nieleze kitu bila kukieleza. Mwadime alipokuwa kijana alikuwa golikipa wa timu ya kwao Ronge. Siku moja alifungwa bao. Jinsi bao hilo lilivyoingia ni hadithi ambayo nimeisimulia kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninaisimulia vizuri kupita kiasi. Watu huniita mezani ili niisimulie. Ninaigiza sauti, ninaigiza kuruka. Sitaisimulia hapa, kwa sababu ambazo mtazisoma mbele. Ninachoweza kusema ni kwamba kulikuwa na mbuzi. Hata hilo la mbuzi sikutakiwa kulisema.

"Umelisimulia kwenye harusi yangu," alisema Mwadime. "Nikanyamaza. Umelisimulia kanisani, siku ya harambee. Hata pale kwako Krismasi, kabla ya farasi, ulikuwa umeshaanza, 'Mnamjua huyu?' Lakini ulilisimulia kwa matanga ya baba yangu, shemeji. Mzee amelala ndani ya sanduku, na watu wanacheka uani. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika picha yake."

Nilikumbuka siku ile. Nilikumbuka jinsi walivyocheka na jinsi nilivyojisikia mtu wa maana. Yeye sikumkumbuka kabisa, na hilo ndilo lililonichoma. Niliona haya kiasi cha kushindwa kuinua kichwa, mimi mwenye maoni juu ya kila kitu kinachorushwa, kinachopigwa na kinachokimbia.

"Sina hadithi nyingine inayochekesha," nilimwambia. Ilikuwa kweli, na ilinitoka kabla sijaipanga.

"Najua."

"Nikiiacha nitakuwa mtu wa televisheni tu."

"Zinatengenezwa vizuri," alisema. "Ile yangu haijaharibika tena."

Basi nikamwahidi. Sikusema sana. Nilisema, "Sitaisimulia tena, Mwadime, na ile siku ya baba yetu unisamehe." Alinyanyuka polepole kwa ajili ya maji aliyokuwa nayo tumboni, akachukua bilauri, akajaza mdomo. Safari hii sikurudi nyuma. Akayapuliza yote, yakanipata mimi usoni, yakampata jogoo, yakampata Diwani aliyekuwa anachungulia.

"Yametoka," alisema huku akihema. "Mtoto aende kwa amani."

Saa kumi Mama Syombua alipiga honi njia panda. Pikapu ilikuwa imejaa ndizi mpaka juu. Mwadime alinisindikiza, akanipakatisha jogoo. "Huyu ni wenu," alisema. "Alikuwa amechelewa tu."

Tulirudi na jua mgongoni. Maktau hakukuwa na ndovu, kulikuwa na vinyesi vyao tu juu ya lami. Mama Syombua aliniuliza kama nimeyarudisha maneno yangu, nikamwambia ndiyo, lakini hayakuwa yale niliyoyabeba kutoka nyumbani. Kisha nikamwambia kwamba nimelifikiria swali lake, na kwamba mpira wakiuacha hauendi popote. Sisi ndio tunaoupeleka. Alisema hilo angeweza kuniambia tangu Mwatate.

Siku ya harusi, Voi, mambo yalikwenda vizuri hadi baada ya chakula. Ndipo wajomba wa upande wa bwana harusi, waliokuwa wamesikia sifa zangu, walipoanza kugonga meza. "Fundi! Tupe ile ya golikipa!" Uwanja mzima ukaitikia. Mshereheshaji akaniletea kipaza sauti hadi mdomoni. Sitawaficha, ulimi uliniwasha. Hadithi ilikuwa imeshasimama kwenye meno. Sikuwa na njia nyingine: nilinyakua bilauri ya maji, nikajaza mdomo wote, nikafunga midomo, nikatikisa kichwa. Nilikaa hivyo mashavu yamevimba mbele ya watu wote, Wakesho akinitazama kwa hofu.

Mwadime akainuka kutoka meza ya wazee. Akachukua kipaza sauti mkononi mwa mshereheshaji.

"Huyu hawezi," alisema. "Tumekubaliana. Nitaisimulia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa golini."

Akaisimulia. Aliruka, pale pale, kwenye suti. Nilivumilia hadi katikati. Kisha kicheko kilinishinda, maji yakanitoka yote, kwa nguvu ambayo sikuwahi kuwa nayo, yakamlowesha mchungaji, bwana harusi, keki, na binti yangu kuanzia shela hadi viatu. Mama mkwe akasimama na fimbo yake, akamtazama mjukuu aliyelowa, akapiga kigelegele kirefu na kusema kwamba sasa hata baba mtu ametasa.

Na nimejifunza kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa naisimulia vibaya. Mbuzi walikuwa wawili.