Nati Isiyo na Alama Nyekundu

Jirani yangu Kiema hakuamini mtu. Simsengenyi, mwenyewe alijisifia hivyo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja huko Baba Dogo, akawaona watu wakitoka na misumari ndani ya soksi na nyaya za shaba chini ya githeri ya mchana mkebeni, na alipostaafu akarudi nyumbani Jericho, estate yetu hapa Nairobi, na macho yale yale. Muuza maziwa anatia maji. Pasta anatafuta nini huku? Hata mimi, Phelister, niliyetenganishwa naye na ukuta mmoja tu, nikiingia kuomba chumvi alinisindikiza hadi mlangoni akiangalia mikono yangu. Ningemtukana, lakini nilimheshimu mkewe.

Mtu mmoja tu hakumtilia shaka, na huyo ni Nzembi, mkewe. Maziwa aliyanusa, nyama aliigeuzageuza, lakini chai ya Nzembi aliinywa huku akitazama kwingine.

Katikati ya miaka ya tisini, magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kujaa Nairobi, Kiema akajinunulia moja dogo jeupe. Wenye magari walikuwa wakilia kwamba unampelekea fundi betri nzuri, unarudishiwa betri kuukuu. Basi Kiema akachukua rangi ya kucha ya binti yao, Mumo, nyekundu ya kung'aa, akatia tone kwenye betri, kwenye kabureta, na kwenye kila nati ambayo mkono wake ulifika, ili chochote kikibadilishwa au kufunguliwa ajue. Kila Jumamosi akishaliosha gari, analala chini kukagua alama zake. Watoto wa estate walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa nini nidanganye?

Lakini mwenye haja na gari alikuwa Nzembi. Aliuza mashuka ya mitumba sokoni Gikomba, na huko huko aliteleza kwenye matope akavunjika nyonga. Ilipona vibaya. Kupanda basi hawezi, kutembea ni kwa fimbo, na Gikomba ukikosa kuonekana siku chache unakuta mtu ametandika pahali pako na hata hakujui. Aliniambia waziwazi, "Mama Odongo, gari hili ndiyo miguu yangu."

Ikafika Julai, na baridi yake ile ya kuingia mifupani, gia zikaanza kukwaruza. Wakamwita Shitanda, fundi mwenye gereji nyuma ya nyumba zetu. Akasema oili ya giaboksi imechoka, ibadilishwe. Hapo hakuna aliyebisha. Ubishi ulianza aliposema itiwe oili ya injini.

Kila mtu Eastlands, upande wetu huu wa mji, anajua giaboksi hunywa oili namba tisini, ile nzito inayovutika. Shitanda akaeleza kwamba giaboksi hii ina oili yake maalum, nyepesi, ambayo hapa mjini haipatikani, na ukiikosa, mbadala wake ni oili ya injini iliyo mpya. Namba tisini asubuhi ya baridi itaganda na kuzitesa gia. Kiema alicheka kwa dharau. Akauliza kama kesho ataambiwa atie maji. Kichwani mwake alishaona njama yote: fundi amemwaga oili chafu za wateja wengine na sasa anatafuta tumbo la kuzimalizia.

Nzembi alimsihi amsikilize fundi. Wapi. Kiema alinunua galoni yake ya namba tisini, akakagua kifuniko, akalala chini ya gari ubavuni mwa Shitanda mpaka tone la mwisho likaingia, kisha akaipaka rangi nyekundu ile nati ya kumwagia oili.

Gari likawa baya zaidi. Asubuhi gia ya pili haikubali kabisa, linalia mpaka mimi jikoni nasaga meno. Kiema akaamua kwamba Shitanda ameharibu kitu makusudi ili kumkomoa, na akirudi kutoka kwenye mazishi aliyokuwa anaendea Machakos ataliegesha gari mpaka ajue ni nini. Aliegeshe! Mume akapanda basi, na ufunguo akauacha kwa mtu pekee aliyemwamini.

Adhuhuri hiyo hiyo Shitanda akaja na mkebe mpya. Walimwaga namba tisini kwenye karai langu, wakatia oili ya injini. Rangi ya kucha ilitoka na spana, hakuna aliyeikumbuka.

Kiema aliporudi, gia zikawa zinaingia kama kisu kwenye siagi. Hakuegesha tena. Akatangaza estate nzima kwamba namba tisini imeshakaa mahali pake, na kwamba Shitanda ni tapeli asiyejua kazi. Nzembi alikuwa anashuka Gikomba mapema, anatandika mashuka yake, majigambo akimwachia mwenyewe.

Ndipo ikafika Jumamosi ya kukagua alama. Nilimwona Kiema akitoka chini ya gari amebadilika uso. Akaenda moja kwa moja gereji, na huko akapaza sauti kwamba Shitanda ni mwizi, amefungua giaboksi yake akaiba oili. Jamani, hapa kwetu neno hilo halisemwi barabarani. Watu walishaanza kutoka vibandani, na mmoja nilimwona ameinama kuokota jiwe. Shitanda alisimama na spana mkononi, amekauka.

Nzembi alipita katikati yao na fimbo yake, pole pole, nyonga ikimuuma, mpaka akasimama mbele ya fundi.

"Baba Mumo," akasema, "ni mimi niliyemwita. Ile unayoisifu ni oili ya injini. Ningekaa nyumbani mpaka lini?"

Aliyeokota jiwe akaliachia. Watu wakatawanyika, wengine wakicheka. Kiema alimtazama mkewe kwa macho yale yale aliyozoea kunitazama mimi nikitoka na chumvi.

Gari halikuegeshwa, na oili haikubadilishwa tena. Jumatatu asubuhi nilikuwa kwao, nimefuata karai langu, Nzembi alipomwekea mumewe kikombe cha chai mezani. Kiema alikiinua, akakisogeza puani, akakinusa. Nzembi alikuwa amesimama pale pale, anaona.