Bibi Eksojeni

Wifi yangu ni mwalimu wa biolojia. Alipoolewa na kaka yangu alikuja na masanduku mawili ya nguo na neno moja: eksojeni. Nguo zilienea kabatini, lakini neno likazagaa nyumba nzima.

"Ni kitu ambacho chanzo chake kiko nje," alinieleza siku ya kwanza, hata chai yangu sijaimaliza. "Chanzo kikiwa ndani, ni endojeni."

Tangu hapo hakuna kilichosalimika. Dari likilowa, anashika kiuno: mvua imepenya batini, au bomba la humo humo ndani limepasuka? Bei ya sukari ikipanda, anadai hata wachumi hulitumia neno lake kwa mambo yanayolikumba soko kutoka nje. Kaka akinuna, naye huchunguzwa. "Umeudhiwa kazini, au ni wewe mwenyewe tu?" Maskini kaka, hata kununa kwa raha hawezi.

Nikambandika jina la Bibi Eksojeni. Akalipenda, jambo lililoniudhi sana.

Kuna mtu mmoja tu aliyemshinda. Kaka ana binti wa miaka kumi na miwili, aliyefiwa na mama yake akingali mchanga. Binti ana kisukari, na kila mara kabla ya kula lazima adungwe insulini. Sindano alimruhusu baba yake peke yake. Na wifi yangu, hata wakiwa nyumbani, binti alimwita Mwalimu. "Mwalimu, shikamoo. Mwalimu, naomba chumvi." Wifi alikuwa akiitikia kwa tabasamu, kisha anageukia jiko na kukoroga kisichohitaji kukorogwa. Alitamani neno jingine, na hakutaka kuliomba. Iliniuma, ila nisingemwambia. Tangu lini mtu akamwonea wifi yake huruma hadharani?

Kaka akapata safari ya kikazi. Mchana wa siku aliyoondoka nikatua pale na begi langu, nimejiandaa kushika usukani. Nikamkuta wifi amesimama na sindano mkononi, mezani pana mkate na mayai ya kuchemsha, binti kakunja mikono kitini.

"Lete hapa," nikasema. "Mimi ni shangazi yake, damu yake. Kwa lugha yako, mimi ndiye endojeni. Wewe umekuja na masanduku."

Nilikuwa natania, angalau nusu. Nilingoja anijibu kwa somo zima, lakini akanikabidhi sindano. Nikatamani ardhi inimeze.

Binti akanitazama usoni, halafu mkononi. Sindano nilikuwa nimeishika kama kalamu.

"Shangazi," akasema, "insulini ya endojeni ndiyo iliyoniishia. Kongosho langu mwenyewe, la ndani kabisa, liligoma. Inayoniweka hai ni hii inayotoka nje."

Akanipokonya sindano taratibu, akamrudishia wifi, akapandisha blauzi.

"Mama, fanya haraka. Nina njaa."

Wifi akamdunga, mkono umetulia kabisa. Alipomaliza machozi yakaanza kumtiririka hadi kidevuni. Lakini mimi ningeiachaje nafasi kama ile? Nikamuuliza: chanzo ni cha ndani au cha nje?

"Vitunguu," akasema, akijifuta kwa kiganja. "Eksojeni."

Sote watatu tukaitazama meza. Palikuwa na mkate na mayai.