Usukani Aliopewa Ndinda

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Aprili, saa tatu na robo asubuhi, ufuoni kule Naivasha, Baba alipomwambia Ndinda ashike usukani. Nakumbuka saa kwa sababu nilikuwa nimekodolea macho saa yangu ya mkono ili nisiwatazame wao.

Mwanangu, wewe hujazaliwa bado. Mimi mwenyewe nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na wanafunzi wenzangu wakijua kuna mtu ninamwita mwanangu watanicheka hadi nihame shule. Lakini nimegundua nikijiandikia peke yangu ninayapamba mambo, najifanya malaika. Nikikuandikia wewe naona haya kudanganya. Basi kaa hapo nikusimulie.

Baba yangu, yaani babu yako, ni fundi wa bodi za matatu. Amekunja na kuchomelea mabati karibu na soko la Gikomba tangu kabla sijazaliwa. Desemba iliyopita hoteli moja ya Naivasha ilikuwa inauza boti yake kuukuu ya kabini, ile yenye chumba kidogo mbele ambamo watu wawili wanaweza kulala wakijikunja. Ilikuwa imekaa miaka mingi chini ya turubai. Baba akainunua, akaifunga kwenye trela, akaivuta kwa lori la rafiki yake hadi mtaani kwetu, Shauri Moyo, na ikaegeshwa kati ya mlango wetu na kamba za kuanikia nguo. Mtaa mzima ulitoka. Jirani mmoja alimuuliza Baba kama mvua ya Nuhu inaanza leo ama wiki ijayo. Baba akamjibu kwamba hata ikianza, yeye hatapata nafasi, wanyama wanatangulia.

Mpango wake ulikuwa kuitengeneza, kuirudisha ziwani, na kubeba wageni wa wikendi. Likizo ya Agosti angekaa huko mwezi mzima, na angehitaji msaidizi mmoja: wa kufunga kamba, kuwavisha wageni jaketi za kuokolea, na kushika usukani yeye akipumzika. Mmoja tu, kwa sababu mwingine lazima abaki amsaidie Mama na kibanda chake cha sweta za mitumba. Mwanangu, nilitaka kuwa yule mmoja. Sijawahi kutaka kitu hivyo. Na sikumwambia mtu.

Desemba nzima nilikuwa na Baba chini ya ile boti nikipiga msasa tumbo lake, hadi nywele zangu zikawa nyeupe kwa vumbi la faiba. Sisi wawili hatuongei sana. Yeye ananyoosha mkono, mimi naweka spana anayoitaka. Siku ya kuinunua alikuwa ameijaribu majini akaona haishiki njia. Ukienda polepole inatangatanga, mbele inavutwa kushoto, unairekebisha, inakimbilia kulia. Kwa hiyo alichomelea mapezi mawili ya chuma cha pua, akayafunga huku nyuma karibu na injini, na mimi ndiye niliyemshikia taa. Nilidhani kushika taa kunatosha. Nilidhani mtu anayekushikia taa kila jioni huna haja ya kumuuliza anataka nini.

Januari akaja Ndinda.

Ndinda ni binti ya shangazi yangu. Mama yake alipata kazi ya nyumbani nje ya nchi, kwa hiyo yeye akaletwa kwetu kutoka Makueni, akaingia shule yangu, darasa langu, na kitanda changu. Tuko rika moja. Ana kicheko kikubwa na anaongea na kila mtu. Wiki ya kwanza tu vijana wa kona walikuwa wanamwita Kapteni. Mimi nimezaliwa hapo na wengine bado wananiita "yule mwingine wa kwa Mutua", yaani wa kwa Baba.

Siku moja alisimama akaiangalia boti, mikono kiunoni, akamwambia Baba, "Anko, hii kitu imenyamaza sana. Mgeni akiiona atajuaje imetoka huku kwetu Eastlands?"

Baba alicheka hadi akaweka nyundo chini. Sikumbuki mara ya mwisho nilimfanya acheke hivyo. Na kuanzia hapo wale wawili wakashikana. Wakajenga keria ya chuma juu ya kabini, kama ya gari. Juu ya keria spika nne. Nyuma ya spika taa za rangi. Betri za kuendesha vyote hivyo wakaziweka huko huko juu ndani ya sanduku la bati, ili maji yasizifikie. Baba aliuliza maandishi ya nyuma yawe nini. Ndinda akasema MAJI MAREFU, na ikaandikwa kwa herufi za kupinda zenye kivuli. Mimi nilikuwa na jina langu la kuipa boti. Nilikuwa nimelala nalo wiki mbili. Nikalimeza, nikaenda kuosha vyombo.

Jioni mafundi wenzake walikuwa wakipita wanaisifu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ni nzito juu. Wote ni watu wa magari, na gari likiwekwa mapambo juu, barabara hailalamiki.

Sasa nikurudishe ufuoni. Tulikuwa watatu, mbali na dereva wa lori, ambaye alibaki nchi kavu kuwaangalia viboko kwa mbali na kusema hapandi hata akilipwa. Baba aliishusha boti majini. Ilielea vizuri. Kisha akasema, bila kufikiri sana, kama mtu anayesema lete chumvi, "Ndinda, shika usukani, nitasimama hapa kando yako."

Mimi nikangoja yangu.

"Mumbua, wewe kaa pale nyuma kushoto na hiyo mitungi ya maji, utusawazishie."

Mitungi ilikuwa imejazwa iwe mahali pa wageni. Kwa hiyo hapo ndipo nilipokuwa, mwanangu. Nilikuwa mzigo. Nilikaa kati ya mitungi ya njano nikiutazama mgongo wa Ndinda na mkono wa Baba ukiwa umewekwa juu ya kiti chake. Tulipoenda mbele boti ilishika njia kama imechorewa mstari, yale mapezi yalifanya kazi, na Baba akampongeza Ndinda. Yeye, si mapezi. Wivu ulinipanda hadi nikausikia mdomoni, kama umelamba kifuniko cha chupa. Nilichukia misuko yake, nilichukia sauti yake, nilichukia hata vile alivyoshukuru.

Kisha Baba akamwambia akate kona kulia.

Boti ikalala upande. Ikaendelea kulala. Kule juu keria na spika na betri ziliendelea kutaka kwenda, na huku chini sisi tulikuwa tunageuka. Mitungi iliniteremkia, maji yakachungulia ukingoni. Ndinda aliachilia usukani akaita mama yake. Baba aliudaka, akapunguza mafuta, akaunyoosha taratibu, na boti ikasimama wima tena, polepole, kama mzee anayeinuka kitini.

Na nikuambie ukweli wote: nilifurahi kabla ya kuogopa. Mguu wangu ulikuwa umebanwa na mtungi na bado kitu ndani yangu kilisema vizuri, ashuke.

Baba hakumgombeza. Alizima injini, akaitazama ile keria muda mrefu. Akasema, "Hii nimeijenga iende barabara ya Jogoo, si ziwani. Makosa ni yangu." Tukairudisha ufuoni kwa mwendo wa konokono, tukaipakia kwenye trela. Ndani ya lori Ndinda hakuongea hadi tulipofika nyumbani. Ilikuwa safari ya kwanza kimya tangu aje, na mimi niliifurahia hiyo pia.

Nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita Susu, alikuwa mlangoni na ungo, anachambua maharagwe ya Jumapili. Nikaketi nikamsaidia. Jua lilikuwa bado halijazama. Alinitazama vile nilivyokuwa natupa maharagwe mazuri pamoja na mawe, akauliza boti imenikosea nini.

Nilimwambia. Sijui ilitoka wapi, lakini nilimwambia yote: msasa, taa, mitungi, mkono juu ya kiti. Nikamwambia Baba amempata mtoto anayemtaka. Nilitarajia anionee huruma, kwa sababu mimi ndiye mjukuu wake wa hapa nyumbani.

"Ulimwambia baba yako unataka kuendesha?" akauliza.

"Anajua, Susu."

"Nani alimwambia?"

Nikainamia maharagwe. Yeye akaendelea kupepeta, hana haraka.

"Haya. Leo Mungu akikuuliza, unataka Ndinda ashuke, ama unataka wewe upande?"

Nikamwambia hiyo yote ni kitu kimoja.

Hapo ndipo alipoweka ungo chini. Susu hagombi kwa sauti kubwa. Anashusha sauti hadi lazima usogee, na ukisogea ndio anakupata. "Si kitu kimoja, mwiitu wakwa, binti yangu. Akishuka yeye, kiti kinabaki kitupu, na wewe bado umekaa na mitungi umefunga mdomo. Umemkasirikia mwenzako kwa sababu yeye anaomba na wewe hauombi. Yeye mama yake hayuko. Asipoongea hapa kwetu, nani atamwona? Wewe unajinyamazia kwa sababu unajua hata ukinyamaza utapewa chakula. Usiite hiyo upole. Hiyo ni kuringa."

Mwanangu, iliniuma. Bado inauma ninapoandika. Nilikuwa nimejiona mnyenyekevu miaka yote, kumbe nilikuwa naringa. Machozi yakanitoka. Susu alingoja yaishe, akanivuta karibu, akanitemea mate kidogo kifuani kama wazee wetu wanavyobariki, akasema, "Mungu akupe mdomo." Kisha akanirudishia ungo, akaniambia niokote yale mazuri niliyotupa.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii, na samahani ikitoka kwa mtu ambaye bado anaomba ruhusa ya kulala kwa rafiki. Utakuwa na wivu. Usinidanganye kwamba hautakuwa nao, wewe ni damu yangu. Ukikushika, usikimbilie kujiambia kwamba ni mbaya kisha ukauficha chini ya kitanda. Uulize swali la Susu. Kuna kitu unakitaka, na kuna mtu unayetaka akikose. Vinatembea pamoja vimevaa sare moja, lakini ni viwili. Kile unachokitaka kitaje kwa mdomo wako, mbele ya mwenye kutoa, hata sauti ikitetemeka. Ukinyimwa, utakuwa umenyimwa kweli, na utalia kilio chenye sababu. Lakini usikae nyuma ukihesabu vile hawakukuona na hujainua hata mkono. Na yule unayemwonea wivu, mwangalie tena pole pole. Pengine anaongea sana kwa sababu anaogopa kusahaulika.

Na mimi nikubariki kama nilivyobarikiwa. Uwe na sauti. Uwe na watu wa kukuambia ukweli wakishusha sauti yao. Usikose mahali pa kukaa penye jina lako. Na siku utakayotaka kitu kwangu, uje uniombe, hata nikiwa nimekunja uso.

Jumapili asubuhi niliamka kabla ya kengele ya kanisa. Baba alikuwa nje na kikombe cha chai, amesimama kando ya trela anaitazama keria. Ndinda alikuwa ameketi ngazini anapaka viatu rangi. Nilitaka kungoja aondoke. Hakuondoka. Nikasema.

"Baba, nataka kuendesha boti. Na Agosti nataka kwenda na wewe."

Ilitoka nyembamba hivi kwamba aliniambia nirudie. Nikarudia. Ndinda akainua kichwa. "Wewe? Si unaogopa maji?"

"Naogopa. Nataka hivyo hivyo."

Baba alinitazama kama amekuta mlango kwenye ukuta anaoujua. "Tangu Desemba tuko hapa pamoja. Mbona hukusema?"

"Nilidhani unaona."

Akamwaga machicha ya chai. "Mimi naona vyuma, Mumbua. Watu lazima waniambie." Alifikiri kidogo, kisha akasema tukirudi ziwani mmoja ataendesha kwenda na mwingine kurudi, na mambo ya Agosti ataamua akishatuona sote majini. Hakuniahidi kitu. Ndinda alisema ni sawa, lakini hakucheka, na niliona kwamba sasa yeye ndiye mwenye kitu cha kupoteza.

Baba akasema kwanza hiyo mizigo ya juu ishuke. Nikakunja pindo la gauni langu la kanisa, nikachukua spana, nikapanda juu ya kabini. Bolti ya kwanza ilikataa, nati ya chini ilikuwa inazunguka nayo. Sikutaka kumwita. Nilijaribu mara mbili peke yangu, nikasikia wivu uko pale pale nilipouacha jana.

"Ndinda," nikasema, "njoo unishikie huko chini."

Akaingia ndani ya kabini, akaibana ile nati kwa spana yake, nami nikafungua.