Nilimtania Bwana Afya, Kisiwa Kizima Kikacheka

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabla sijaingiwa na woga, maana barua hii ya gazetini nimeianza mara tatu, na mara zote tatu nimejikuta naandika makosa ya watu wengine.

Mimi ni mwanamke wa kisiwani, huku kusini, Ruvuma inakomwaga maji yake baharini. Jina langu silitaji na la kisiwa silitaji, lakini watu wa kwetu wakisomewa haya watanijua kabla hawajafika katikati. Mimi ni kungwi. Wasichana wakiingizwa unyagoni, mimi ndiye ninayewafunda. Na kwenye ngoma, kwenye msiba, hata kwenye mkutano wa kijiji, mimi ndiye niliyekuwa nawachekesha watu. Mungu alinipa mdomo, nami nikauringia.

Nilikuwa na mdogo wangu, Somoe, tumbo moja. Mpole, msikivu, si mtu wa maneno mengi. Tulisoma kisomo cha watu wazima pamoja na yeye ndiye aliyeshika upesi. Mimi nilikuwa nikimfanyia mwalimu mzaha. Mwandiko huu mbovu mnaouona ndio faida yake.

Mwaka ule kipindupindu kilipoingia pwani, serikali ilituletea Bwana Afya. Alikuwa mtu wa makamo, Myao wa Masasi, kavaa kaptula ya kaki na viatu vilivyojaa mchanga. Mimi Mmakonde, yeye Myao. Kwetu hao ni watani.

Asiyejua utani nimweleze. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia mbele za watu, akakuuliza umekufa lini mbona hujazikwa, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kukuchekesha huku machozi yanakutoka. Ni jambo zuri. Mimi ndiye niliyelitumia vibaya.

Tukaitwa mkutanoni, uwanja wa shule. Bwana Afya akasema mambo matatu. Maji ya kunywa yachemshwe, hata kama kwa macho ni meupe. Mtu wa kisiwani asivuke kwenda bara, na wa bara asivuke kuja huku, mpaka atakapotangaza. Na ngoma zote na mikusanyiko isimame.

Watu wakaguna. Mzee Ausi, ambaye hakuwahi kukaa kimya kwenye mkutano wowote, akasimama na fimbo yake.

"Mimi nangu nauliza tu," alisema. "Juzi juzi mmetutoa mashambani kwetu, mkatupanga hapa nyumba kwa nyumba, mkasema kukaa pamoja ndiyo maendeleo. Kule kila ukoo ulikuwa na kisima chake. Leo tunakunywa kisima kimoja wote, ndipo mnakuja kutuambia tusikaribiane. Sasa tushike lipi?"

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja naye akauliza kuni za kuchemshia maji kila siku zitatoka wapi, wakati mikoko tumekatazwa kukata. Mwenyekiti wa kijiji akataka kumnyamazisha, lakini Bwana Afya akamzuia.

"Mwache, Mwenyekiti, wana haki ya kuuliza," alisema. "Mzee wangu, kuwaweka watu pamoja bila vyoo na kwa kisima kimoja, hilo siwezi kulitetea hapa mbele yenu. Nitaliandika na nitalipeleka. Lakini huu ugonjwa hautungoji tumalize kubishana. Nisaidieni mwezi mmoja tu."

Mzee Ausi mwenyewe alikaa chini akiitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Nyuma yangu nilisikia Somoe anaandika kwenye daftari lake la kisomo. Nilijua watu wanakubali, na hapo ndipo roho yangu ilipochafuka.

Maana wali wangu walikuwa watoke unyagoni kwa ngoma Jumamosi ile. Wasichana saba, nimewafunda mwenyewe, na ndugu wa bara wameshaalikwa. Nikaona ngoma yangu inakufa mbele ya macho yangu, na mwaka mzima watu hawatanitaja. Nikasimama.

"Mwenyekiti, mimi namwonea huruma mtani wangu huyu," nilisema. "Jana anashuka kwenye mtumbwi nilimwona kafumba macho, kashika ubao kwa mikono miwili. Mtu wa Masasi bwana! Bahari anaiogopa, mvua anaiogopa, sasa kafika mahali anaogopa mpaka maji ya kunywa. Anayachemsha kwanza yafe, ndipo ayanywe."

Jamani, watu walicheka. Mzee Ausi fimbo ilimdondoka. Mwenyekiti alijifunika uso kwa faili. Na Bwana Afya naye akacheka, angefanya nini? Akanijibu kama mtani anavyotakiwa kujibu.

"Haya mtani, kunywa mabichi. Ukifa nakuzika mimi mwenyewe, na chokaa nakumwagia juu, usije ukafufuka ukanisumbua."

Watu wakacheka tena, na mkutano ukaishia hapo. Hakuna aliyepiga kura wala aliyepinga. Mwenyekiti alisema basi wali watoke kwanza, mengine tutaanza kuyafuata wiki ijayo. Nilirudi nyumbani nikipigwapigwa mgongoni na kila niliyepishana naye.

Toka siku ile kisiwa kizima kilikuwa na msemo mmoja. Mwanamke akibandika chungu cha maji, jirani anamwuliza: "Unaua maji?" Wakaona haya, wakaacha mmoja mmoja.

Somoe hakuacha.

Siku ya ngoma nilikwenda kwake kuazima sinia, nikiwa na wanawake wengi nyuma yangu, wa huku na wa bara. Nikakuta maji yanatokota kwenye mafiga, amefunika vizuri, na mtungi wa pembeni ameuziba kwa kitambaa. Ningeweza kuchukua sinia nikaondoka.

"Njooni muone," nikawaita wenzangu. "Somoe kaolewa Masasi na hakutualika. Huyu hapa anaua maji."

Wakapiga vigelegele. Mmoja akamfunga kanga kichwani kama bibi harusi. Somoe akacheka kwa aibu, akatazama chini. Kisha akaepua kile chungu, akamwaga maji yote mchangani. Akaenda kwenye ndoo ya maji mabichi ya wageni, akateka kata moja, akanywa mbele yetu mpaka mwisho.

"Haya dada, umefurahi?"

Nilifurahi. Ndilo linaloniua mpaka leo. Nilifurahi kweli, nikamkumbatia, tukaenda kucheza.

Miongoni mwa wageni wa bara kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akikimbilia vichakani, kule kwenye mwinuko wa juu ya kisima, toka alipofika. Tulimcheka pia. Tulisema chakula cha shughuli kimemzidi.

Siku chache baadaye watoto wawili wa jirani walishikwa na tumbo. Kesho yake asubuhi, Somoe. Mpaka adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya vidole imejikunja kama ya mtu aliyefua nguo kutwa. Tulitaka kumvusha bara, lakini bahari ilikuwa imekupwa, mitumbwi imelala kwenye matope. Bwana Afya alikuja mbio, akachanganya chumvi na sukari kwenye maji yaliyochemshwa, akawa anamnywesha kijiko kwa kijiko. Kila alichomeza kilirudi. Nilimshika mkono nikimwita jina, na yeye ananitazama tu. Alifariki bahari ikiwa ndiyo kwanza inaanza kujaa.

Wanawake wa kisiwa chetu wakifa, mimi ndiye ninayewaosha. Mdogo wangu sikuruhusiwa kumgusa. Walimfunga vijana wa kijiji aliowafundisha Bwana Afya, wakamzika wanaume wanne, nasi wengine tukawekwa mbali. Mwenye kazi ya kuwamwagia chokaa maiti wa kipindupindu alikuwa kaitwa kwa mgonjwa mwingine. Kwa hiyo aliyechukua ndoo na kummwagia Somoe chokaa alikuwa Bwana Afya mwenyewe.

Alipomaliza alivua glavu, akanawa, akaja mpaka pale nilipo. Nilidhani anakuja kuninanga. Nilitamani aninange.

"Dada yangu, nisamehe," alisema, na machozi yanamtoka. "Yale maneno yangu ya mkutanoni, ya chokaa. Ulikuwa utani tu. Wallahi sikujua."

Watu wote waliokuwa pale walisikia. Nami nilitakiwa kusema neno moja tu, kwamba mtani, wewe huna kosa, mwenye kosa ni mimi. Badala yake nikasema, "Nimekusamehe."

Nikampa msamaha mtu aliyekuja kutuokoa, kana kwamba mimi ndiye niliyekosewa.

Tulizika wengine baada ya Somoe. Maneno yakaanza. Wengine wakasema Bwana Afya alimtabiria, ulimi wake una kitu. Wengine wakasema hiyo dawa ya kusafisha maji aliyoitia kisimani baada ya maziko ndiyo inayoua. Mkutano ukaitwa tena, safari hii hakuna aliyecheka. Mzee Ausi akanigeukia mbele ya kila mtu.

"Wewe ndiye uliyefiwa. Tuambie. Ulimi wa huyu bwana umehusika, haukuhusika?"

Bwana Afya alikuwa amesimama palepale, kofia mkononi, ananitazama. Nilitazama chini.

"Mungu ndiye anayejua," nilisema.

Neno la ucha Mungu, si ndiyo? Kila mtu akalichukua alivyotaka. Siku ile Bwana Afya hakupata hata mtu wa kumpa maji ya kunawa, na kesho yake akavuka kurudi bara, peke yake na sanduku lake la dawa. Hatukumwona tena. Baada yake walikuja wengine pamoja na askari, na hapo ndipo kisiwa kilipochemsha maji, kwa kulazimishwa, makaburi yakiwa yameshaongezeka. Kama angebaki, wangapi wangepona? Hili ndilo ninalojiuliza kila ninapobandika chungu.

Mwaka huu nilipata moyo wa kufungua sanduku la Somoe. Nikakuta daftari lake la kisomo. Ukurasa wa siku ile ya mkutano kaandika kwa mwandiko wake mzuri: kwanza, chemsha maji. Pili, usivuke. Tatu, hakuna ngoma. Na chini yake kaandika, "Dada kachekesha watu sana."

Nililia mpaka majirani wakaja. Wakauliza kuna nini, nikawaambia ni kumbukumbu tu. Hata hapo nilidanganya.

Ndugu unayesoma, kama umejaliwa mdomo wa kuchekesha, jichunge nao. Serikali iulizwe, tena iulizwe sana. Mzee Ausi aliuliza vizuri na alijibiwa vizuri. Mimi sikuuliza kitu. Niliona watu wanaanza kuelewa, nikawavuruga, kwa sababu ya ngoma yangu na sifa zangu. Na ukishakosea, usikubali mwingine akuombe radhi kwa kosa lako. Kunyamaza kwangu kulikuwa na ubaya zaidi kuliko mzaha wangu.

Toka Somoe afe sijamtania mtu. Wali nawafunda, lakini hawacheki.

Mtani, sijui wamekuhamishia wapi. Mtu wa kusoma kama wewe, huenda gazeti hili likakufikia. Ulikuja kunizikia mdogo wangu, lakini hukunitania, na ninajua ni kwa nini. Njoo. Nitakuchemshia maji mbele yako. Nitawaita wale wote waliokuwa mkutanoni, Mzee Ausi bado yu hai, nami nitasema nilichotakiwa kusema makaburini: haukuwa ulimi wako, ulikuwa wangu. Kisha nitanie utakavyo. Sitakasirika.